Kadi Tatu za Wakili Miguu

Nianze kwa kukiri kabla hamjasikia kwingine: kosa lilianza na mdomo wangu.

Mimi nauza chai kwenye jengo la jiji, chini kabisa, pembeni ya ngazi. Nina meza mbili, mabenchi manne, chupa sita za chai, na masikio mawili yanayofanya kazi kuliko chupa zote. Dereva wa mkurugenzi akigombana na mkewe asubuhi, mimi najua kabla mkurugenzi hajajua kwa nini gari limechelewa. Watu wanasema umbea ni dhambi. Sawa. Lakini mbona wakikaa tu, kabla hata ya kuuliza kama chai ipo, wananiinamia sikioni: "Mama Chai, kuna nini huko juu?"

Huko juu, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kabla ya choo, ndiyo masjala ya idara ya sheria, na mwenye masjala ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Jengo zima wanamwita Dada Kabati. Ni mrefu, mkimya, miwani yake ina uzi shingoni, na kwa miaka ishirini na mbili hajapoteza karatasi hata moja. Nyumbani kwangu hakuna siku ya watu chini ya kumi. Nusu yao hata sijui wamekuja na nani. Wifi akija Jumapili anakaa kona yake, anakula taratibu, kisha anaosha vyombo vya watu wote na kuvipanga kwa ukubwa. Mume wangu ana utani wake: maneno yote ambayo dada yake hakuyatumia tangu utotoni, nimepewa mimi.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jiji lina kesi kama nyumba ya wapangaji ilivyo na ugomvi, na wanasheria wake wa ndani ni wanne tu. Kwa hiyo linaajiri ofisi za mawakili wa nje, na mikataba yao yote huisha siku moja, kila baada ya miaka mitatu. Kabla ya siku hiyo, orodha ya majina inapelekwa kwa madiwani. Wakiipitisha, mikataba imeongezwa. Jina lako likikosekana, kuanzia kesho yake huna ruhusa ya kusimama mbele ya jaji ukasema neno kwa niaba ya jiji.

Ofisi zilikuwa kumi na moja, na kila moja ina faili lake nene rafuni kwa wifi: mkataba, barua ya uwakilishi, na karatasi za kesi. Wakili akienda mahakamani anaondoka na faili, kwa sababu jaji huiulizia ile barua. Mahali pa faili inabaki kadi ngumu, na juu ya kadi wifi anaandika tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ofisi moja iliyoko ghorofa ya tisa ya jengo la vioo, ambako hata lifti inapiga muziki. Sisi tuliwaita Watu wa Lifti. Kila kesi ikitajwa wanatuma kijana mwingine, suti mpya, viatu vinang'aa, anapita kwangu kunywa chai huku anauliza, "Samahani mama, hivi hii kesi inahusu nini?" Ananiuliza mimi! Na kwa kweli nilikuwa namwambia.

Ndogo kuliko zote ilikuwa ya mtu mmoja, chumba kimoja, juu ya fundi viatu. Hana gari, hana karani. Mahakamani anakwenda kwa miguu, joho mkononi, raba nyeusi miguuni. Wakili Miguu. Kwa miaka sita alikuwa akitetea kiwanja cha kliniki ya akina mama, ambacho bwana mmoja mwenye hati nzuri ya kutazama alidai ni urithi wa babu yake. Wanangu wote watatu walipimwa uzito kwenye kliniki hiyo. Nusu ya wateja wangu walizaliwa pale. Kwa hiyo mtu yule akipita, chai yake naimimina mpaka ukingoni.

Haya. Jumanne ya wiki ya mikataba, wifi alikuwa amesimama mbele ya rafu, anavuta faili moja moja, anasoma jina la ofisi kwa sauti, na mpiga chapa anaandika orodha. Ndivyo walivyofanya miaka yote: orodha inasomwa rafuni. Nami nikaingia na sinia la chai, na habari ambayo ningekaa nayo dakika mbili zaidi ningepasuka.

"Wifi! Mkuu wa manunuzi ana nywele!"

Mnielewe. Yule bwana alikuwa na kipara tangu jengo linajengwa. Siku hiyo alishuka kwenye gari na nywele nyeusi, nyingi, zimelala upande mmoja kama paka juu ya mto. Mlinzi hakumtambua, akamwomba kitambulisho.

"Kitambulisho akakitoa," nikawaambia, "mlinzi anatazama picha, anamtazama yeye, anatazama picha. Anamwambia, 'Mzee, huyu si wewe.'"

Wifi yangu hacheki. Siku hiyo alicheka. Alicheka mpaka akashika rafu, akavua miwani, akajifuta machozi kwa pindo la kanga yake. Kisha akavaa miwani, akarudisha mkono rafuni, akavuta faili lililofuata. Kati ya faili aliloliacha na hilo alilovuta palikuwa na kadi, nyembamba, imesimama kiubavu. Faili lake lilikuwa mahakamani.

Orodha ikatoka na majina kumi. Bosi wa sheria akasaini, ikapigwa nakala, ikaenda.

Alhamisi saa tisa alasiri Wakili Miguu alirudisha faili. Nilikuwapo, nakusanya vikombe.

"Dada, Jumatatu nitalihitaji tena," akasema. "Ndiyo siku ya mwisho. Jaji anatusikiliza pande zote mbili, halafu anakwenda kuandika hukumu."

"Litakuwepo," akajibu wifi.

Akachukua faili, akaenda kulirudisha mahali pake, akatoa kadi. Nikamwona amesimama na kadi mkononi, haandiki. Wakili alikwishatoka, raba zake zilisikika zinateleza kwenye korido. Wifi akafungua droo, akatoa nakala ya orodha, akasoma kwa kidole. Mara moja. Mara ya pili.

"Wifi," nikamwambia, "mbona umekuwa kama umeona maiti?"

"Nimemruka."

"Umemruka nani?"

"Wakili. Hayumo. Kikao ni kesho, mikataba inaisha Jumamosi. Jumatatu hataruhusiwa kufungua mdomo."

Nilitafuta pa kukaa nikakosa, nikakalia ndoo. Na kliniki? Wakati huo nilikuwa bado sijajiuliza alirukwa vipi. Yeye alikwishajua, na hakunitazama kwa jicho baya hata kidogo. Ni mimi mwenyewe nilikumbuka zile nywele.

Akaenda kwa bosi. Yaliyosemwa ndani niliyapata kwa mpiga chapa, ambaye meza yake imeegemea ukuta wa bosi na ukuta wenyewe ni mbao.

Bosi akasema, "Dada Kabati, orodha ile nimeisaini mimi. Ukisema ina kosa, unasema nimesaini bila kusoma."

"Ulisaini ulichopewa na mimi, bosi. Kosa ni langu."

"Basi liache lilale. Jalada tutawapa wale wa ghorofa ya tisa. Ni watu wakubwa."

"Jumatatu watatuma kijana. Atauliza kesi inahusu nini."

Hapo bosi akashusha sauti, na mpiga chapa akasogeza sikio. "Sikiliza, mama. Umekaimu ukuu wa masjala miaka miwili. Barua ya kukuthibitisha hii hapa, inangoja saini yangu. Fomu ya kukiri kosa ikiingia kikaoni, mimi sitaweza kuisaini tena. Jitazame. Bado miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Haya. Fomu zenyewe ziko wapi, hata sijui."

"Ziko masjala," akasema wifi. "Hii hapa nimeshaijaza."

Jioni hiyo alipitia kwangu, kitu asichofanya siku za kazi. Nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida: shemeji, mawifi wengine wawili, jirani aliyekuja kuazima chumvi tangu saa kumi na moja. Nikamvuta jikoni.

"Wifi yangu, nisikilize mimi niliyelelewa sokoni. Sema kompyuta imekula jina. Kompyuta haina mama wa kuja kulalamika."

"Kompyuta haikusoma rafu. Nimesoma mimi."

"Basi mpiga chapa."

"Ana mtoto mchanga. Na aliandika nilichomtajia."

"Basi nitaje mimi! Niseme mwenyewe, niliingia, nikakukatiza kazi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe ulileta habari. Kucheka nilicheka mwenyewe."

Kisha akaanza kuosha vikombe vya watu. Nikachukua kitambaa, nikawa navifuta kimoja kimoja.

Kikao kilipangwa saa nane mchana Ijumaa. Fomu ilitakiwa imfikie katibu siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kufungua kikao. Saa tatu na nusu madereva wako mezani kwangu, wanabishana mpira, mmoja anasema kwa kupitia tu, "Leo tunatoka mapema. Mwenyekiti ana safari, kikao wamekivuta saa nne."

"Saa nne ipi?"

"Ya sasa hivi, Mama Chai. Kuna nyingine?"

Niliacha chupa wazi. Mimi na ngazi tuna uadui wa miaka, lakini siku hiyo nilizipanda kama mdaiwa aliyeona mlango wa nyuma. Nilipofika masjala sina pumzi, nilionyesha tu kwa kidole: juu, juu, kwenye ukumbi wa madiwani. Wifi akaelewa. Akachukua fomu. Akarudi rafuni, akafungua droo ya kadi, akatoa tatu zilizofungwa kwa uzi, akatoka. Hata hakukimbia. Alitembea kama mtu anayepeleka faili.

Mimi niliingia ukumbini kwa haki yangu, maana chai ya kikao ni yangu. Meza ndefu, madiwani kumi na wanane, maofisa upande mmoja, akiwemo mkuu wa manunuzi na nywele zake. Makarani wanakaa kwenye viti vya ukutani, na desturi ya pale ni kwamba karani haongei mpaka aulizwe. Katibu aliitazama fomu, akatikisa kichwa: kengele imeshalia, makabrasha yamefungwa. Wifi akakaa ukutani, kadi mapajani.

Mwenyekiti ni mama mmoja mkavu, kengele yake ya shaba haitoki mkononi. "Ajenda ya nne," akasema. "Mikataba ya mawakili wa nje, ofisi kumi, iongezwe miaka mitatu. Kuna mwenye neno?"

Bosi wa sheria alikuwa anasoma dari.

Mkono ukanyanyuka ukutani.

Ukumbi uligeuka mzima. Mwenyekiti akashusha miwani. "Wewe ni nani?"

"Karani wa masjala ya sheria, mheshimiwa. Orodha ina kosa, na kosa ni langu. Ofisi ni kumi na moja."

Diwani mmoja mwenye kofia ya manyoya, ambaye husema hata pasipo ajenda, akacheka. "Karani asiyeweza kuhesabu mpaka kumi na moja! Vidole vilikwisha, akashindwa kuvua kiatu!"

Kicheko kikapita mezani. Mikono yangu ilikuwa na sinia, ingekuwa mitupu sijui ningefanya nini. Wifi akangoja wamalize.

"Ni kweli, mheshimiwa diwani. Nilihesabu mafaili yaliyokuwa rafuni. Hili halikuwepo. Huwa halikai."

"Halikai kivipi?" akauliza mwenyekiti.

Akasimama, akaenda mpaka mbele, akafungua uzi, akazilaza kadi tatu mezani. Zilikuwa zimejaa mbele na nyuma, mwandiko mdogo, tarehe juu ya tarehe.

"Kila mstari ni siku limekwenda mahakamani na siku limerudi. Ni za mkataba huu unaoisha kesho."

Mwenyekiti akazigeuza moja moja. "Hizi zote ni za kesi ya kliniki?"

"Kliniki, na viwanja viwili vya shule, mheshimiwa."

"Na hizo ofisi nyingine kumi, kadi zao zimejaa?"

Wifi akajibu, "Hakuna iliyomaliza upande mmoja."

"Kazilete."

Akaenda, akarudi na kadi kumi. Ile ya Watu wa Lifti ilikuwa nyeupe kama sahani. Mistari saba kwa miaka mitatu, na kando ya kila mstari jina la kijana tofauti aliyesaini kuchukua faili. Mwenyekiti akaiinua hewani pamoja na moja ya zile tatu, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Minong'ono ikaanza, na mimi moyoni nikasema, wamalize hao, wang'oe!

Na hapo ndipo wifi yangu alipofanya jambo ambalo mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, nisingelifanya.

"Mheshimiwa," akasema, "si haki kuwapima kwa kadi peke yake. Wengine wamepewa kesi chache. Asiyepewa kazi hawezi kuonyesha jasho."

Mwenyekiti akaziweka kadi mezani. "Sikukuuliza hilo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Lakini ni kweli."

Diwani Kofia hakuwa ameshiba. "Mimi nina swali. Tunaambiwa miaka ishirini na mbili mtu hakosei, leo akosee bure? Lazima kuna mtu alikuwa anakupigia kelele. Nani?"

Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia langu. Kling, kling, kling. Ukumbi mzima unasikia. Wifi hakugeuka hata kidogo.

"Nilicheka, mheshimiwa."

"Ulicheka?"

"Nikavua miwani. Nilipoivaa, nikaruka kadi."

"Mtu mzima, kazini, unacheka nini?"

Mkuu wa manunuzi alikuwa kiti cha pili kutoka pale aliposimama. Feni ilikuwa inazunguka, na ile nywele ya mbele ilikuwa inanyanyuka na kulala, inanyanyuka na kulala. Nilifumba macho.

"Jambo lisilohusu kikao hiki," akasema wifi.

Mkuu wa manunuzi akatikisa kichwa kwa kumwunga mkono. "Kwa kweli tusipoteze muda," akasema, na akajipapasa kichwa.

Kengele ikalia. Wakapitisha ofisi kumi na moja. Watu wa Lifti waliongezewa mkataba, ila kwa sharti kwamba wakili atakayeanza kesi ndiye atakayeimaliza. Na karani wa masjala apewe onyo kwa maandishi. Hilo nalo likapita, hakuna aliyepinga. Mwenyekiti alipoinuka alizikusanya zile kadi tatu mwenyewe, akazifunga uzi wake, akamkabidhi wifi kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi na mapema nilipandisha chai masjala. Tarishi alikuwa ametangulia na bahasha. Barua ya onyo, saini ya bosi, na chini kabisa imeandikwa: nakala, masjala. Yaani ya kwake mwenyewe, na ya kuhifadhiwa pia na yeye mwenyewe. Ile barua nyingine, ya kumthibitisha, hatukuiona tena. Anakaimu mpaka leo.

"Ichane," nikamwambia. "Nani atajua? Tarishi hata hajui kusoma bila miwani, na miwani ameikalia."

Akaigonga muhuri wa kupokelewa. Akaiandika kwenye daftari, akaipa namba.

"Nikiichana, wifi, nitakuwa nimepoteza karatasi."

Akaiweka mahali pake, akasawazisha kingo kwa kiganja.

Raba zikasikika kwenye korido. Wakili Miguu aliingia, joho mkononi, jasho la kutembea usoni, hana habari hata chembe kwamba kwa siku tatu jina lake halikuwamo kwenye orodha ya jiji. "Dada, faili letu lipo?"

"Lipo."

"Kuna jipya lolote?"

Maneno yalinijaa mdomoni mpaka mashavu yakavimba. Wifi akanitazama juu ya miwani, mara moja tu. Nikamimina chai. Nikaimimina mpaka ikavuka ukingo.

"Hakuna," akasema wifi. "Nenda, utachelewa."

Akaenda. Hukumu ilitoka baada ya miezi mitatu, na wiki iliyopita nimempeleka mjukuu wangu kliniki pale pale, mzani ule ule wenye kutu, kilo saba na ushee. Siku ile ya hukumu Wakili Miguu alipanda ngazi mbili mbili, akashukuru kila mtu, akamshukuru bosi, akanishukuru hata mimi kwa chai, akasema kesi hii ilikuwa na bahati tangu mwanzo. Nikamgeukia wifi nione kama hatimaye atasema kitu. Alikuwa ameinama juu ya kadi ya nne, anaandika tarehe ya kurudi.